Namna ya Kuandika Wasifu wa Janani Luwum: Kutoka Malisho ya Mucwini hadi Waraka wa Februari 1977

Kila mwaka inapokaribia tarehe 16 Februari, walimu wa dini, wahariri wa majarida ya parokia na wanafunzi wa vyuo hutakiwa kuandika kurasa chache juu ya Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda aliyeuawa mwaka 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Kurasa nyingi za namna hiyo hufanana. Kuna aya moja juu ya kuzaliwa na nyingine juu ya masomo, kisha mwandishi huruka hadi siku ya kukamatwa na kumalizia kwa sifa. Msomaji huondoka akijua jinsi askofu huyo alivyokufa, lakini hajui alipinga nini, kwa njia gani, wala alijifunzia wapi kupinga namna hiyo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kutunga wasifu wa kurasa nane hadi kumi, ambamo maisha ya mwanzo yanaueleza upinzani wa baadaye, na upinzani wenyewe unaonekana kuwa kazi iliyofanywa kwa miaka, si tukio la siku moja.

Anza na karatasi ya tarehe

Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, chukua karatasi uigawe safu tatu: mwaka, alichokifanya Luwum, na kilichokuwa kikitokea Uganda. Kazi hii haipendezi, lakini itakuokoa na makosa mengi. Katika safu ya pili utaandika kwamba alizaliwa mwaka 1922, aliingia shuleni akiwa na miaka kumi hivi, aliokoka tarehe 6 Januari 1948, alianza masomo ya theolojia Buwalasi mwaka 1949, aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Uganda ya Kaskazini tarehe 25 Januari 1969, na mwaka 1974 akachaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, akimrithi Erica Sabiti. Katika safu ya tatu utaandika uhuru wa mwaka 1962, mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971 yaliyomwondoa Milton Obote alipokuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, na kuanguka kwa Amin mwezi Aprili 1979.

Safu hizo zikikaa sambamba, utaona jambo ambalo masimulizi ya haraka hulificha. Luwum aliishi miaka 54 au 55, na kati ya hiyo ni sita tu aliyoishi chini ya Amin, na chini ya mitatu aliyokuwa Askofu Mkuu. Sehemu kubwa ya maisha yake ilikwisha kupita kabla dhalimu hajaingia ikulu. Utaona pia kwamba mapinduzi yalitokea miaka miwili kamili, siku ile ile, baada ya kuwekwa wakfu kwake katika uwanja wa Pece mjini Gulu, na kwamba miongoni mwa wageni wa siku ile ya Pece alikuwako Obote mwenyewe pamoja na mkuu wake wa jeshi, Idi Amin. Usiifanye sadfa hiyo kuwa ishara ya mbinguni. Itumie kwa kile inachothibitisha: Luwum na Amin walikuwa watu wanaofahamiana kwa sura, na baadaye askofu alipokwenda kumwambia rais jambo lisilopendeza, hakuwa akimwendea mtu asiyemjua.

Utoto: andika machache, uyaeleze vizuri

Kuhusu utoto wa Luwum, mambo yaliyo imara ni machache, na uchache huo usikutishe. Alizaliwa Mucwini, katika wilaya ya Kitgum, kaskazini mwa Uganda, kwa wazazi Waacholi, Eliya Okello na Aireni Aciro. Baba yake alikuwa ameupokea Ukristo. Familia haikuwa na mali, kijana alichunga mifugo ya nyumbani, na ndiyo sababu shule ilimchelewa hadi alipofikia miaka kumi hivi. Baadaye alisoma Gulu, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao, kisha akaenda Chuo cha Ualimu cha Boroboro karibu na Lira, na alipomaliza akafundisha shule ya msingi huko Puranga.

Mwandishi asiye na subira huyatazama mambo hayo na kuona hayatoshi, basi huanza kuyaongezea chumvi. Humfanya mtoto awe mpole kuliko wenzake, amhurumie mbuzi aliyevunjika mguu, asimame mbele ya mzee mkali akamwambia ukweli. Nakiri kwamba rasimu yangu ya kwanza juu ya maisha haya ilikuwa na mchungaji mdogo aliyekuwa akiombea mifugo yake, na mzee mmoja aliyeisoma aliniuliza kwa upole nilikuwa nimesimama wapi nilipomsikia akiomba. Nilifuta ukurasa mzima. Kanuni niliyoipata pale ni kwamba usimpe mtoto sifa ambayo huna shahidi wake, hasa ikiwa sifa hiyo inafanana mno na namna alivyokufa.

Badala ya kubuni, panua mahali. Eleza Acholi ya miaka ya 1920 na 1930 ilikuwaje, kwa maana hilo linajulikana na lina uzito. Wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kanisa la Uingereza, walikuwa wamefika Buganda mwaka 1877, lakini Acholi ilifikiwa mwanzoni mwa karne ya 20 tu, kwa hiyo nyumba ya Kikristo ya Eliya Okello ilikuwa jambo jipya katika nchi ile, na mtoto aliyekulia humo alikulia ndani ya dini ambayo majirani wengi walikuwa bado wanaitazama kwa mbali. Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilizielekeza sehemu za kusini kwenye kilimo cha biashara, na kaskazini ikawa mahali pa kupata vibarua, askari polisi na wanajeshi. Ndiyo sababu, uhuru ulipofika, Waacholi na jirani zao Walangi walikuwa wengi jeshini, na ndiyo sababu Amin alipochukua madaraka aliwaona kuwa hatari. Wanajeshi wengi wa makabila hayo mawili waliuawa kambini katika mwaka wa kwanza wa utawala wake.

Hapo ndipo utoto wa Luwum unapoungana na kifo chake bila uchawi wowote wa simulizi. Mahali alipozaliwa palimfanya atiliwe shaka kabla hajafungua kinywa. Mwaka 1977 aliposhtakiwa kwamba alishirikiana na Obote kuingiza silaha, shtaka hilo lilijengwa juu ya kabila lake pamoja na maneno yake. Waandishi wa kanisa mara nyingi hukwepa kulitaja hili kwa kuogopa kuonekana wanachochea ukabila, lakini ukilikwepa, msomaji hatapata kueleza kwa nini, baada ya kifo cha askofu mmoja, askari waliendelea kuua katika vijiji vya Acholi na Lango. Litaje kwa utulivu, katika sura ya utoto, kisha ulirudie mara moja tu utakapofika mwaka 1977.

Kuna kishawishi kingine unachopaswa kukikwepa. Waacholi wanayo desturi ya upatanisho iitwayo mato oput, ambayo pande zilizogombana hunywa pamoja kinywaji cha mzizi mchungu, na mwandishi anayetafuta asili ya moyo wa amani wa Luwum huvutiwa sana nayo. Inawezekana aliishuhudia akiwa mtoto, kama mtoto yeyote wa huko. Lakini kati ya “inawezekana aliishuhudia” na “ndiyo iliyomfundisha” kuna mto usio na daraja, na mwandishi mwangalifu hubaki ng’ambo hii. Itaje kama sehemu ya mazingira, usiigeuze kuwa chanzo.

Mwaka 1948 ndio kiungo cha wasifu

Ukiwa na nafasi ya kupanua sura moja tu, panua hii. Mapema mwaka 1948, Luwum akiwa mwalimu kijana, alisikia mahubiri ya Yusto Otunno, ambaye alikuwa akizunguka na mkewe Josephine kuhubiri habari za uamsho, na akaokoka. Uamsho wa Afrika Mashariki ulikuwa umeanza miaka ya kabla na baada ya 1930, kati ya Namirembe mjini Kampala na Gahini nchini Rwanda, kwa watu kama Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church, na ukaenea hadi Kenya na Tanganyika. Waliouingia waliitwa Balokole, yaani waliookoka kwa Kiganda.

Usiishie kusema kwamba aliokoka. Eleza Balokole walikuwa wakifanya nini, kwa sababu hapo kuna ufunguo. Walikutana katika vikundi vidogo na kuungama dhambi mbele ya wenzao kwa kuzitaja, si kwa jumla. Aliyeiba alirudisha alichoiba na kumweleza mwenye mali. Aliyekuwa na neno dhidi ya ndugu alimwendea uso kwa uso, hata kama ndugu huyo alikuwa mkubwa wake, hata kama alikuwa mchungaji au mmisionari Mzungu, na jambo hilo lilileta ugomvi mwingi na viongozi wa kanisa wa wakati huo. Mienendo hii yote waliiita kutembea nuruni. Sasa itazame pamoja na matendo ya Luwum ya miaka ya 1970: kumwendea mwenye makosa mwenyewe badala ya kumsema pembeni, kulitaja kosa kwa jina lake, na kutotafuta kumdhuru. Kwa maoni yangu, shule yake ya kupinga udhalimu ilikuwa vikundi hivyo vya maungamo kuliko chuo chochote alichosoma baadaye. Haya ni maoni, na ukiyatumia katika wasifu wako yaandike kama maoni. Lakini yanasimama juu ya mambo yanayojulikana, tofauti na yule mbuzi aliyevunjika mguu.

Ongeza pia upande wa pili, la sivyo picha itakuwa nyepesi mno. Balokole wengi waliikwepa siasa kabisa na kuiona kuwa mambo ya dunia inayopita. Kwa hiyo uamsho ulimpa Luwum ujasiri wa kusema na wakati huo huo ukampa sababu ya kunyamaza. Namna alivyoshikilia yote mawili kwa karibu miaka thelathini ni swali zuri la kuliacha wazi mbele ya msomaji.

Kuna maneno yanayosimuliwa kwamba aliyatamka siku ya kuokoka kwake, kuwa amekuwa kiongozi katika jeshi la Kristo na yuko tayari kufa katika jeshi hilo. Unaweza kuyatumia, ila yatangulize kwa “inasimuliwa”, na usiyaweke mwanzoni mwa sura ambapo yatafunika kila kitu kinachofuata. Maneno ya ujana yanayokumbukwa baada ya kifo cha kishahidi huwa yamekwisha kuchongwa na waliobaki.

Miaka ya kati: pita haraka

Buwalasi, upadrisho wa miaka ya 1950, safari mbili za masomo Uingereza, kwanza Chuo cha St Augustine’s, Canterbury, kisha chuo cha theolojia cha London, uongozi wa chuo kile kile cha Buwalasi, ukatibu wa jimbo: yote haya yanastahili ukurasa mmoja, pengine na nusu. Jambo moja tu lisipotee. Katika miaka hii alijifunza kuendesha ofisi, kuandika barua rasmi, kuendesha vikao na kutunza kumbukumbu. Haya hayana mvuto katika masimulizi, lakini waraka wa Februari 1977, ambao maaskofu walimwandikia rais, uliandikwa na watu waliojua kuandika nyaraka, na hilo si jambo dogo.

Andika upinzani kwa vitenzi vinavyoonekana

Hapa ndipo wasifu mwingi hulegea. Mwandishi husema “alikemea uovu”, “alisimama imara”, “alikuwa sauti ya wasio na sauti”, na msomaji hapati kuona chochote. Chukua kila sentensi ya aina hiyo katika rasimu yako uiulize maswali matatu: alikwenda wapi, alimwambia nani, na alikuwa anataka nini kifanyike. Ikishindwa kujibu, ifute.

Yanayoweza kujibiwa ni haya. Luwum alikwenda mwenyewe katika ofisi za Idara ya Utafiti ya Serikali, chombo cha usalama kilichoogopwa kuliko vyote, kuulizia watu waliokamatwa na kuomba waachiliwe. Ili msomaji apime uzito wa safari hizo, mweleze nchi ilivyokuwa: mwezi Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa kutoka Mahakama Kuu mchana, na hakurudi; naye Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Frank Kalimuzo, alitoweka mwaka huo huo. Ikiwa jaji mkuu anaweza kuchukuliwa mezani pake, mtu anayeingia kwa miguu yake katika jengo la wachukuaji, akiuliza habari za mtoto wa muumini fulani, anafanya nini hasa? Eleza hivyo, na huhitaji kuongeza neno “ushujaa”.

Alizungumza pia na rais ana kwa ana, akimweleza mambo ambayo makanisa hayakubaliani nayo. Sehemu hii itakuletea mgogoro, na usiukimbie. Wakati wa uhai wake walikuwapo Wakristo waliomlaumu kwamba yuko karibu mno na Amin, kwamba anaonekana naye na anakubali mialiko yake. Yeye alijitetea kwa kusema kwamba dhamiri yake ni safi, kwamba hakuwa upande wa serikali, na kwamba kila alipopata nafasi alimwambia rais ukweli. Wasifu unaoficha lawama hiyo humnyima msomaji jambo la maana kabisa kuhusu upinzani wa amani: anayeuchagua hulazimika kubaki karibu na dhalimu kiasi cha kusikika, na ukaribu huo humchafulia jina kabla haujazaa matunda, au hata usipozaa.

Jambo la tatu ni kuwakusanya wengine. Mwaka 1976 alikutana na viongozi wa Kikatoliki na wa Kiislamu kujadili hali ya nchi, na kikao hicho kilimkasirisha Amin. Kitaje kwa sababu mbili. Kwanza, kinaonyesha kwamba hakutafuta kuwa shahidi wa imani peke yake. Pili, kinakuepusha na kosa la kuugeuza wasifu kuwa hadithi ya Wakristo dhidi ya Waislamu. Amin alikuwa Mwislamu na alipenda kujionyesha hivyo, lakini Waislamu nao waliuawa na kutoweka chini yake, na viongozi wao walikaa meza moja na Luwum.

Kuhusu idadi ya waliouawa nchi nzima katika miaka minane ya Amin, makadirio yanatofautiana kwa mamia ya maelfu. Usichague tarakimu moja na kuiandika kana kwamba kuna aliyehesabu. Andika kwamba ni makadirio na utoe kiwango cha chini na cha juu.

Wiki mbili za Februari

Ukifika mwaka 1977, punguza mwendo na uandike siku kwa siku, kwa lugha kavu. Tarehe 30 Januari, huko Bushenyi, Askofu Festo Kivengere alihubiri mbele ya umati mkubwa, wakiwamo maofisa wa serikali, juu ya thamani ya uhai wa binadamu. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 5 Februari, askari waliingia nyumbani kwa Luwum katika kilima cha Namirembe, wakamwekea bunduki mwilini na kupekua nyumba wakitafuta silaha ambazo hawakuzipata. Nyumba ya Yona Okoth, Askofu wa Bukedi, nayo ilipekuliwa. Maaskofu walikutana, wakasikia maelezo ya Luwum mwenyewe juu ya usiku ule, na wakaandika waraka kwa rais wenye tarehe 10 Februari.

Mpe waraka huo nafasi kubwa kuliko siku ya kifo. Huo ndio upinzani wenyewe ukiwa umeandikwa na kutiwa sahihi. Maaskofu hawakuomba huruma, na hawakuitisha maandamano wala kumtaka rais ajiuzulu. Walilalamikia namna upekuzi ulivyofanywa, wakaonyesha kwamba ikiwa bunduki inaweza kukandamizwa tumboni mwa Askofu Mkuu basi imekwisha kuelekezwa kwa kila Mkristo, na wakaeleza jinsi raia wa kawaida wasivyo na usalama mbele ya vyombo vilivyowekwa kuwalinda. Kisha wakataka kuonana na rais. Ukipata kuusoma wote, jihadhari na kunukuu sentensi ile ya bunduki peke yake, kama wengi wanavyofanya. Nguvu ya waraka ni utaratibu wake, hoja moja juu ya nyingine, kwa sauti ya watu wanaoandikia serikali halali inayopaswa kujibu. Kumtendea dhalimu kana kwamba anafungwa na sheria ni mbinu ya zamani ya wasio na silaha, na mara nyingi ndiyo inayomkasirisha kuliko matusi.

Tarehe 16 Februari, viongozi wa dini, mabalozi na wanajeshi waliitwa kwenye hoteli ya Nile mjini Kampala. Silaha zilianikwa uwanjani, maelezo ya kumhusisha Luwum na njama yakasomwa, na askari waliulizwa wafanyiwe nini wasaliti; wakaitikia kwamba wauawe. Maaskofu waliruhusiwa kuondoka, lakini Luwum alizuiwa kwa maelezo kwamba rais anataka kumwona. Pamoja naye walikamatwa mawaziri wawili, Erinayo Oryema, ambaye aliwahi kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi, na Charles Oboth-Ofumbi, Waziri wa Mambo ya Ndani. Waandishi wengi wa kanisa huwasahau wawili hawa, pengine kwa sababu walikuwa wameitumikia serikali ile ile kwa miaka na hawaingii kirahisi katika hadithi ya watakatifu. Waandike. Walikufa usiku mmoja naye.

Namna ya kuandika kifo ni kutenganisha vinywa. Serikali ilitangaza kwamba watatu hao walikufa katika ajali ya gari walipojaribu kumshambulia dereva. Hayo ni maelezo ya serikali, na uyaandike kama maelezo ya serikali. Jeneza lilipelekwa Mucwini chini ya ulinzi, waombolezaji walilifungua, wakaona majeraha ya risasi. Hayo ni maelezo ya walioona. Nani alivuta kifyatulio, na kama Amin mwenyewe alishika bastola, ni jambo ambalo husimuliwa kwa namna nyingi. Usichague simulizi moja kwa sababu tu ina msisimko. Yanayokubaliwa na wote wasio na sababu ya kuficha yanatosha: alikamatwa akiwa hai na mzima mikononi mwa serikali, na alirudishwa na risasi mwilini.

Mahali pa kutafuta, na mahali pa kuacha kalamu

Kumbukumbu za Kanisa la Uganda zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, Mukono, na aliye karibu aende huko kwanza. Gazeti la serikali la wakati huo, Voice of Uganda, lisomwe pia, si kwa ajili ya ukweli wa tukio bali kwa ajili ya kuona serikali ilitaka wananchi waamini nini siku gani. Wazee wa Kitgum na Gulu waliomjua wanazidi kupungua. Ukipata bahati ya kuzungumza nao, waulize kwanza kuhusu mwalimu wa Puranga, kwa maana habari za Februari 1977 wamezisimulia mara nyingi mno hata zimekuwa kama ngano, ilhali za Puranga hakuna aliyewahi kuwauliza.

Usimalizie wasifu kwa sanamu yake iliyowekwa mwaka 1998 juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, London, wala kwa sikukuu ya taifa ambayo Uganda huiadhimisha tangu mwaka 2015. Hayo yatoshe sentensi moja. Malizia na waliobaki. Jumapili ya tarehe 20 Februari maelfu walijaa Namirembe ingawa ibada ya kumbukumbu ilikuwa imekatazwa, wakatoka na kukusanyika kando ya kaburi lililochimbwa karibu na la Askofu James Hannington, mmisionari aliyeuawa Busoga mwaka 1885; kaburi hilo jipya halikupata mwili. Kivengere alivuka kwenda Rwanda, na Mary Lawinyo, mjane wa Luwum, akakimbilia Kenya na watoto. Mwili wenyewe ulizikwa kando ya kanisa la Mucwini, katika nchi ile ile alikochungia mifugo, na sura yako ya kwanza itakuwa imekwisha kumwonyesha msomaji nchi hiyo.

Ikiwa wasifu utasomwa kwa sauti kanisani au darasani, mpe msomaji majina mapema ayazoee. Katika maandishi ya Kiacholi herufi c husimama peke yake mahali ambapo Kiswahili kingeandika ch, kwa hiyo Mucwini hutamkwa Muchwini, na mama yake Janani, Aireni Aciro, ni Achiro.